Kozi ya chuo kikuu isichaguliwe na mwenye steshenari



Nina dukuduku juu ya jambo ambalo kila mwaka, ifikapo mwezi Julai, huwasumbua wazazi na vijana wa hapa Musoma, Bunda na Butiama, na bila shaka wa mikoa mingine pia. Jambo lenyewe ni maombi ya kujiunga na vyuo vikuu baada ya matokeo ya Kidato cha Sita kutangazwa. Sina nia ya kulalamika kwamba nafasi ni chache. Linalonisikitisha ni kuona uamuzi ambao kijana ataishi nao maisha yake yote unafanywa kwa dakika ishirini, mbele ya kompyuta ya mtu asiyemjua, na mara nyingi unafanywa na huyo mtu mwenyewe.

Mwenye mashaka na apite mjini siku mbili tatu baada ya matokeo kutoka. Atakuta vijana wamejipanga kwenye vibanda vya steshenari, kila mmoja ameshika kipande cha karatasi chenye namba yake ya mtihani. Mwenye kibanda anauliza, "Wewe umesoma nini?" Kijana anajibu, "PCB, Divisheni Tuu." "Basi nikuwekee hizi tano, mwaka jana watu walipata." Kijana anaitikia kwa kichwa, analipa, anaondoka. Ukimwuliza barabarani ameomba kozi gani, atakutajia mbili, ya tatu ataitaja nusu nusu kwa sababu jina lake ni refu na liko kwa Kiingereza.

Simlaumu mwenye kibanda. Yeye anatafuta riziki, ana umeme wa kulipia na foleni inamsubiri. Lakini tukubali kwamba kazi yake ni kuchapa na kudurufu, wala hakuna aliyempa cheo cha mshauri wa taaluma. Tena kwa haraka yake, akaunti ya maombi anaifungua kwa barua pepe aliyoibuni papo hapo, neno la siri analijua yeye, na pengine hata namba ya simu inayowekwa ni ya kibanda, kwa kuwa ya kijana "haishiki mtandao vizuri".

Hapo ndipo balaa linapoanza. Baadhi yetu tunakumbuka kwamba tangu mwaka 2010 maombi yote yalipitia katika mfumo mmoja wa pamoja uliosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU. Mfumo huo uliachwa mwaka 2017, na tangu hapo kijana anaomba moja kwa moja kwa kila chuo anachokitaka. Kwa hiyo anaweza kuchaguliwa na vyuo viwili au vitatu kwa wakati mmoja. Akichaguliwa hivyo anatakiwa athibitishe chuo kimoja tu kabla dirisha halijafungwa, na namba ya siri ya kuthibitishia hutumwa kwenye simu au barua pepe ile ile iliyoandikwa siku ya kuomba. Namjua binti mmoja wa wilaya ya Bunda, mtoto wa mvuvi, aliyepata vyuo viwili. Namba yake ya siri ilikwenda kwenye simu ya kibanda, na mwenye kibanda alikuwa amesafiri kufuata bidhaa Mwanza. Aliporudi, siku zilikuwa zimepita. Binti alikaa nyumbani mwaka mzima akisaidia kuanika dagaa, na alama zake nzuri ziko kabatini.

Wazazi wengi nao wana kosa la kusoma matokeo kwa Divisheni peke yake. Naomba wasomaji wanivumilie kidogo hapa, maana hesabu hii imewaponza wengi. Baraza la Mitihani likipanga Divisheni linahesabu A kuwa 1, B kuwa 2, C kuwa 3, D kuwa 4, E kuwa 5, S kuwa 6 na F kuwa 7. Pungufu ndiyo bora, na jumla ya 13 hadi 17 ni Divisheni ya Tatu. Vyuo vikuu vinahesabu kinyume chake: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1, na kiwango cha chini kabisa cha kuingilia ni masomo mawili ya ufaulu mkuu yenye jumla ya pointi 4.0. Sasa chukueni vijana wawili wa darasa moja. Wa kwanza amepata E tatu. Wa pili amepata D mbili na F moja. Wote wana 15, wote ni Divisheni ya Tatu, na nyumbani kwa wa kwanza pengine wamechinja kuku zaidi kwa sababu mtoto wao hakufeli somo hata moja. Lakini E mbili zinatoa pointi 2 tu, kwa hiyo mlango wa shahada kwake umefungwa kwa mwaka huo. Yule mwenye F ana pointi 4, mlango uko wazi, mradi zile D ziwe katika masomo yanayotakiwa na kozi anayoiomba. Ile S haihesabiwi kuwa ufaulu mkuu, wala somo la General Studies halimbebi mtu.

Kijana wa E tatu akiomba shahada kwa kubahatisha atapoteza ada za maombi na muda. Angeambiwa mapema angejua kuwa yapo mapito mengine halali: stashahada katika vyuo vilivyo chini ya NACTVET, ambako akimaliza na wastani usiopungua 3.0 ataweza kuomba shahada, au kozi ya msingi ya Chuo Kikuu Huria. Baadhi ya vyuo vya kati viko hapa hapa mkoani, kama Buhare cha maendeleo ya jamii. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 hata Bodi ya Mikopo imeanza kuwakopesha wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele. Sioni aibu iko wapi. Aibu ni kuwa na shahada ya jina tu, uliyoisoma kwa sababu kompyuta ilikubali.

Halafu kufikisha kiwango cha chini si kupata nafasi. Hili nalo halisemwi vya kutosha. Udaktari wa binadamu, kwa mfano, unadai Fizikia, Kemia na Baiolojia zote tatu, na wanaoomba Muhimbili au Bugando ni wengi kuliko viti. Chuo huchukua kuanzia juu na kushuka. Kijana mwenye D tatu akijaza udaktari katika nafasi zote tano, huyo hakuomba chuo, amecheza bahati nasibu. Angepanga kwa busara, moja ya kutamani, mbili anazozimudu na moja ya akiba ambayo kweli yuko tayari kuisoma. Nasisitiza maneno hayo ya mwisho, kwa sababu wengi huangukia kwenye ile ya akiba.

Sasa nije kwenye uchaguzi wenyewe. Ni ajabu kwamba mji huu wa Musoma una historia yake katika suala hili, na vijana wetu wengi hawaijui. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana hapa, ikatoa lile Azimio la Musoma. Wengi wanalikumbuka kwa uamuzi wa elimu ya msingi kwa watoto wote ifikapo mwaka 1977. Lakini Azimio hilo liliamua pia kwamba kijana asitoke Kidato cha Sita na kwenda moja kwa moja Chuo Kikuu. Alitakiwa kwanza apite Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi kwa muda usiopungua miaka miwili, na hatimaye aombe chuo akiwa na mapendekezo ya mahali pake pa kazi na ya Chama.

Mimi sisemi utaratibu ule urudishwe. Ulikuwa na kasoro zake, na kasoro zilionekana mapema: wanawake walipungua vyuoni, kwa kuwa binti aliyeanza kazi na kuolewa hakurudi tena darasani, ikabidi waondolewe sharti hilo, na fani za sayansi na uhandisi zikakosa waombaji wa kutosha. Pamoja na hayo, kulikuwa na jambo moja la maana ndani yake. Aliyekuwa amefanya kazi ghalani, hospitalini au kwenye karakana aliomba kozi akiwa ameiona kazi kwa macho. Kijana wetu wa leo mwenye miaka kumi na tisa anaombwa achague "Sayansi ya Maabara ya Tiba" wakati hajawahi kuingia maabara ya hospitali ila alipokwenda kupimwa malaria. Ni kitu gani kinatuzuia kumpeleka akaone? Hospitali ya Rufaa ya Kwangwa iko hapa. Vinu vya kuchambulia pamba viko Bunda. Lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti liko kando ya barabara ya Mwanza, na migodi iko Tarime. Safari ya siku moja ya darasa la Kidato cha Tano haigharimu kama mwaka mmoja wa kozi iliyokosewa.

Tena mkoa huu una mfano mwingine. Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama aliyeanza shule Mwisenge, hapa Musoma, mwaka 1934, alipita Tabora na Makerere akawa mwalimu kabla ya kwenda Edinburgh mwaka 1949. Mpango wa awali ulikuwa asome sayansi. Alibadili akachukua shahada ya M.A., akasoma historia, uchumi, falsafa na mengineyo, akaimaliza mwaka 1952. Wengine huutaja mfano huu kutaka kuonyesha kwamba masomo ya sanaa ni bora kuliko sayansi, au kwamba kozi haina maana kwa mwenye akili. Mimi nauona tofauti. Mtu yule alikuwa ameshafundisha, alikuwa na umri wa miaka ishirini na saba, na alijua anataka kufanya nini na elimu yake. Alibadili kwa kujua. Vijana wetu wanabadili kozi mwaka wa kwanza kwa sababu wamegundua huko huko darasani kuwa kumbe jina la kozi lilikuwa na maana nyingine, na wengine hata nafasi ya kubadili hawaipati.

Iko kasumba moja ambayo haijatutoka, ya kudhani kwamba kusoma ni udaktari, sheria na uhasibu, na kwamba anayesoma kilimo, mifugo au uvuvi amerudishwa kijijini. Mzazi mwenye ng'ombe mia moja, ambao kila mwaka anapoteza kadhaa kwa ndigana, anakasirika mtoto akisema anataka kwenda Morogoro kusomea udaktari wa mifugo. Mkoa wetu unaishi kwa ziwa, ng'ombe, pamba na dhahabu. Kule Butiama pamewekwa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia chenye jina la Mwalimu mwenyewe, nacho kimo katika vyuo vilivyotengewa fedha katika mradi wa HEET, ulioanza mwaka 2021 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425. Itakuwa kichekesho kama watakaokuja kusoma mambo ya kilimo Butiama watatoka mikoa mingine huku wa kwetu wakigombania viti vya sheria Dar es Salaam.

Lakini nisiwe kama wale wanaowahubiria vijana kilimo wakiwa wameketi kwenye viti vya kuzunguka. Mhitimu wa kilimo naye anatafuta kazi kama wengine. Ualimu, ambao zamani ulikuwa ajira ya uhakika, sasa una usaili, na wanaosailiwa ni wengi mno kuliko nafasi. Aliyesoma sheria hawi wakili kwa shahada peke yake. Yapo bado mafunzo ya uanasheria kwa vitendo, yenye ada yake, na mtihani wake unawatoa watu jasho. Daktari atasoma miaka mitano na kufuatiwa na mwaka wa mazoezi hospitalini. Mambo haya mzazi anapaswa kuyajua kabla, maana ndiye atakayeulizwa nauli.

Na hili la nauli linanileta kwenye mikopo, ambako watoto wa wakulima na wavuvi wanaanguka wakiwa na haki kabisa ya kupata. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Maombi yake ni ya mtandao na ni tofauti na maombi ya chuo. Kuna watu mpaka leo wanaamini kwamba ukiomba chuo umeshaomba na mkopo. Bodi inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, na kwa yatima vyeti vya vifo vya wazazi vilivyohakikiwa vivyo hivyo. Inataka pia fomu iliyosainiwa na serikali ya mtaa au kijiji na kuthibitishwa kisheria, pamoja na mdhamini mwenye kitambulisho. Sasa fikirieni kijana wa kijiji cha ndani ambaye nyumbani anaitwa Bhoke, kanisani Esta, kwenye cheti cha shule ameandikwa jina la babu na kwenye cheti cha kuzaliwa la baba. Kusawazisha majina hayo kunataka kiapo, safari za wilayani na subira. Hayo si mambo ya kuanza mwezi Julai. Ni ya kumaliza mtoto akiwa Kidato cha Tatu.

Fedha zenyewe si haba. Tangu mwaka wa masomo 2022/2023 posho ya chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku, badala ya 8,500 za awali. Mwaka huo huo ulianza ufadhili wa Samia kwa wanaofaulu vizuri zaidi masomo ya sayansi, na ada ya Kidato cha Tano na Sita ikafutwa. Lakini mkopo ni deni. Atakayeajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake hadi limalizike. Anayekopa kusoma kozi aliyochaguliwa na mtu wa kibandani atailipia kozi hiyo miaka mingi.

Kuna wale ambao dirisha la maombi huwakuta kambini. Mafunzo ya JKT kwa mujibu wa sheria, yaliyorudishwa mwaka 2013, huwachukua vijana wa Kidato cha Sita baada tu ya mtihani wa Mei, na hapa mkoani tuna kambi ya Rwamkoma, wilayani Butiama. Nayaunga mkono mafunzo hayo kwa moyo wote. Lakini kijana aliye gwarideni hana simu mfukoni, na mzazi aliyebaki nyumbani hajui neno la siri wala majina ya kozi. Kwa hiyo ni lazima wawili hao wakae chini kabla ya kuondoka, waandike kwenye daftari kozi wanazozitaka kwa mpangilio, kwa kila hali ya matokeo: akipata hivi, tuombe hizi, akipata vile, tuombe zile. Daftari hilo libaki na mama. Na laini ya simu itakayoandikwa kwenye maombi iwe ya mtu wa nyumbani asiyesafiri ovyo.

Walanguzi nao hawakosekani. Kila mwaka wanajitokeza watu wanaojiita mawakala, wanaodai "wana mtu wao" TCU au chuoni na kwamba kwa kiasi fulani cha fedha jina litatokea. TCU imekuwa ikiwaonya waombaji wasipitie kwa mawakala. Mwananchi akiombwa fedha za namna hiyo aende polisi, asiende benki.

Wahusika wafanye nini? Maonyesho ya vyuo vikuu yamekuwa yakifanyika Dar es Salaam, viwanja vya Mnazi Mmoja. Ni jambo jema kwa waliokaribu, lakini kutoka Musoma hadi huko ni zaidi ya kilomita 1,300, na nauli ya kwenda na kurudi ni zaidi ya ada ya maombi ya vyuo vingi. Kitabu cha mwongozo wa udahili kinatolewa na TCU kila mwaka bila malipo kwenye tovuti yao, kikionyesha kila kozi, chuo chake, masomo yanayotakiwa na miaka ya kusoma. Nakala moja iliyochapishwa, ya mwaka uliotangulia, ingewekwa katika kila shule yenye Kidato cha Tano na Sita, na mwalimu mmoja apewe vipindi viwili kwa mwezi vya kukisoma pamoja na wanafunzi. Masharti hubadilika kidogo mwaka hadi mwaka, lakini aliyezoea kukisoma cha zamani hatapotea kwenye kipya. Halmashauri nazo zina kompyuta katika baadhi ya shule. Mwezi wa dirisha zifunguliwe kwa wahitimu, kila mmoja ajaze maombi yake kwa mkono wake mwenyewe, mwalimu akiwa karibu.

Naiomba TCU na Bodi ya Mikopo watutangazie mapema, kupitia gazeti hili na redio, siku watakazofika Musoma, Bunda na Butiama, na siku hizo ziwe kabla ya mtihani wa Mei, vijana wakiwa bado shuleni. Na wakuu wa JKT watueleze kijana aliyeko Rwamkoma anayepata vyuo viwili anathibitishaje akiwa kambini.

Mwalimu Mstaafu,
Musoma.